Goma: mji bila mto, na vijana wanaotaka kusomea maji yake

Mvua kubwa ikinyesha Goma, wakaaji wa Birere hawana haja ya kuuliza maji inatoka wapi. Inatoka juu. Inateremka toka pande za Majengo na Virunga, inafuata barabara, inapita kati ya maduka ya vitenge na meza za wamama wanaouza mboga, inaokota kila kitu inachokuta njiani: maganda ya ndizi, plastiki, majivu ya makala, mafuta ya pikipiki, na mara nyingi kile kilichotoka kwenye vyoo vilivyojaa. Kwa muda mfupi barabara inakuwa mto. Mvua ikikatika, mto nao unakwisha. Sehemu ya maji imeingia kwenye mawe meusi ya volkano, sehemu imefika ziwani.

Hapo ndipo watu wengi wanaacha kufuata habari. Maji imepita, kila mtu anafagia mbele ya mlango wake, biashara inaendelea. Lakini ile maji ilibeba nini, kiasi gani, na ilipotelea wapi? Swali hilo si la kucheza, sababu ziwa inayopokea maji ile ndiyo ziwa ambamo Regideso inapompa maji ya kunywa, na ndiyo ziwa ambamo maelfu ya watu wanachota na bidoni siku ambayo robine imekauka.

Kujibu swali kama hilo ni kazi ya watu waliosomea ekolojia ya mito ya mjini na mzunguko wa virutubisho. Ni masomo ya kiwango cha masta na doktora. Katika Kivu yote, watu wenye masomo hayo ni wachache sana, na vijana wengi wanaomaliza iniversite hawajui hata kama nafasi za kuyasoma ziko.

Virutubisho vya ziwa ni nini?

Wakulima wa Masisi na Rutshuru wanalijua jambo hili kuliko watu wa mjini. Mmea unahitaji mbolea, na katika mbolea vitu viwili vinatangulia: azoti na fosfori. Majini ni vilevile. Mwani, yale majani madogo ya kijani ambayo macho hayaoni moja moja, unakula azoti na fosfori. Wadudu wadogo wa majini wanakula mwani. Sambaza wanakula wadudu hao. Bila virutubisho hakuna sambaza sokoni. Virutubisho vikizidi sehemu moja, mwani unajaa, unakufa, unaoza, na katika kuoza unamaliza hewa ya ndani ya maji. Samaki wanakimbia ao wanakufa, maji inanuka, na kuisafisha kwa kunywa kunakuwa kazi ngumu na ya bei.

Azoti na fosfori ya mjini inatoka wapi? Kwanza kwa binadamu mwenyewe. Watafiti wa Sweden walipiga hesabu mwaka 2004 kufuatana na chakula watu wanachokula katika nchi mbalimbali. Kwa Uganda, walikuta kwamba mtu mmoja anatoa, kupitia mkojo na choo, kilo 2,5 hivi za azoti na kilo 0,4 za fosfori kwa mwaka. Chakula cha Goma hakiko mbali sana na cha Uganda. Kwa hiyo kila watu 10.000 wanatoa karibu tani 25 za azoti na tani 4 za fosfori kila mwaka. Goma iko na wakaaji zaidi ya milioni moja, bila kuhesabu waliokimbia vita. Msomaji anaweza kumaliza hesabu mwenyewe. Juu yake kuna sabuni, damu ya matiti ya nyama, na takataka za soko.

Mbolea yote ile iko mahali fulani. Haiyeyuki hewani.

Katika miji mingine, inafuata mto. Bukavu iko na mto Kahuwa unaoteremka toka vilima vya Kadutu paka ziwani. Butembo iko na Kimemi, Bunia iko na Nyamukau, Uvira iko na Mulongwe na Kalimabenge inayoingia Tanganyika. Mtafiti anasimama kwenye daraja, anachota maji, anapima. Mwaka 2005 watafiti wa Australia na Marekani waliandika makala moja ambayo inatajwa paka leo, wakisema mito ya mijini pote duniani iko na ugonjwa mmoja: maji inapanda haraka mvua ikinyesha kisha inashuka haraka, virutubisho vinaongezeka, kingo zinachimbika, na wadudu wanaopenda maji safi wanapotea. Mtu wa Kadutu ao wa Furu kule Butembo hatashangaa akisikia dalili hizo.

Goma, hapana. Goma haina mto.

Mawe yanayomeza maji

Kati ya volkano Nyiragongo na ziwa, ardhi ni lava juu ya lava. Mawe haya yamejaa nyufa na matundu. Mvua inayonyesha juu yake inaingia chini, ndiyo maana hakuna kijito kinachokata mji. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma na Birere paka ziwani na kuacha watu zaidi ya 100.000 bila nyumba. Watu walijenga tena juu ya mawe ile ile, kabla hata haijapoa vizuri. Kuchimba choo katika mawe hii ni kazi ya nyundo na mtarimbo. Wengi wanachimba kidogo tu, na yule anayekuta ufa anafurahi, sababu choo chake hakijai haraka. Kinachopotea ndani ya ufa ule hakuna anayekifuata.

Wanasayansi wanajua kwamba pande za kaskazini mwa Ziwa Kivu maji mengi inaingia ziwani kwa chini, kupitia chemchemi ambazo hazionekani. Zingine ziko kwenye kilindi cha mita zaidi ya mia mbili, zingine ziko juu zaidi. Ndizo mito ya Goma, ukitaka kuiita hivyo: mito iliyo chini ya mawe. Udongo wa kawaida unachuja, na vijidudu vyake vinabadilisha sehemu ya azoti kuwa hewa isiyodhuru. Mawe yenye nyufa hayana udongo mwingi wa kufanya kazi hiyo. Je, maji ya Birere inachukua siku mbili kufika ziwani, ao miaka miwili? Inatokea karibu na ufuko ambako watu wanachota, ao inatokea chini sana? Jibu la swali hilo linabadilisha kila kitu: wapi kuweka pompe, wapi kukataza vyoo, wapi kutumia pesa kwanza.

Goma haihitaji kukumbushwa bei ya kutojua. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi toka Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu na kunywa maji ya ziwa, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50.000 kwa mwezi mmoja. Mwezi wa tano 2021, lava ilipofika Buhene na kuharibu mitambo ya maji, Médecins Sans Frontières ilisema watu karibu nusu milioni walibaki bila maji. Wengi walirudi ziwani na bidoni. Kipindupindu kilirudi tena katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya wakati watu walipokimbia vita. Kipindupindu na virutubisho si kitu kimoja, ni kweli. Lakini vinasafiri pamoja, katika maji ile ile, toka choo kile kile. Mtu anayejua njia ya azoti ya Birere anajua pia sehemu kubwa ya njia ya kipindupindu.

Kuna kijana mmoja wa ISP aliyepima mito

Watu husema kwamba utafiti wa namna hii ni wa wazungu. Mfano wa Ziwa Kivu unaonyesha vingine.

Mwaka 2009 jarida moja la kisayansi linaloshughulika na maziwa makubwa lilitoa makala juu ya virutubisho vinavyoingia Ziwa Kivu. Jina la kwanza juu ya makala ile ni la Mkongomani, Fabrice Muvundja, wa ISP Bukavu. Alifanya masta yake Makerere, Kampala, juu ya virutubisho vinavyoletwa na mito ndani ya Ziwa Kivu, akishirikiana na Waswisi wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi. Kazi yenyewe, ukiieleza kwa maneno ya kawaida, ilikuwa ya miguu: kwenda kwenye mito, Kongo na Rwanda, kupima maji inapita kiasi gani, kuchota chupa, kuchuja, kupeleka laboratwari, kurudi tena, msimu wa mvua na wa kiangazi. Kisha walilinganisha vile mito inaleta, vile mvua na vumbi vinaleta toka hewani, na vile vinapanda toka kilindini mwa ziwa.

Matokeo yalishangaza wengi. Kwa ziwa zima, virutubisho vingi zaidi vinavyolisha mwani vinapanda toka chini, siyo toka mitoni. Ziwa Kivu iko na kilindi cha mita 485, na hewa ya oksijeni inafika paka mita 60 hivi tu. Chini ya hapo kuna akiba kubwa ya gazi, ya fosfori na ya azoti iliyokusanyika kwa karne nyingi. Ndiyo maana kampuni zinazovuta gazi ya metani zinatakiwa kurudisha maji yake kwenye kilindi kinachofaa: wakiirudisha juu sana, watakuwa wanamwaga mbolea juu ya ziwa.

Mwanasiasa mvivu anaweza kusoma matokeo haya na kusema: basi, takataka za mji si kitu. Hapo anakosea. Hesabu ya ziwa zima si hesabu ya ufuko. Ziwa iko na kilometa mraba 2.370 hivi, mama anayechota maji hachoti katikati. Anachota kwenye ghuba, mita chache toka mahali kanivo inamwaga. Katika ghuba ndogo, mji unaweza kuwa ndiyo mbolea kubwa kuliko zote, hata kama kwa ziwa zima ni kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo bado inangoja mtu wa kuipima vizuri upande wa Goma, na hapo ndipo nafasi ya mwanafunzi iko.

Mbele ya Muvundja alikuwapo Pascal Isumbisho, naye wa ISP Bukavu, aliyefanya doktora yake Namur, Ubelgiji, juu ya wadudu wadogo wa Ziwa Kivu, wale ambao sambaza wanakula. Alirudi kufundisha. Mwanafunzi anayeandika barua leo Ulaya akisema anatoka Kivu hafungui njia porini: kuna njia imekwisha kukanyagwa.

Milango iko wapi

Wa kwanza ni wa nyumbani, na vijana wengi wanauruka. ISP Bukavu iko na kitengo cha hidrobiolojia, kinachojulikana kwa kifupi UERHA. Lwiro iko na CRSN, kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ambacho bado kiko na watafiti wanaojua wadudu wa mito ya Kivu kwa majina. Uvira iko na CRH, kituo cha hidrobiolojia cha Ziwa Tanganyika. Goma yenyewe iko na Observatware ya Volkano, inayofuata hali ya volkano na ya ziwa, na iniversite kama UNIGOM na ULPGL. Tangu mfumo wa LMD uanze kutumiwa nchini mwaka wa masomo 2021-2022, masta imekuwa ngazi ya kawaida kati ya lisansi na doktora. Si lazima tena mtu angoje miaka mingi kama asistenti ili apate nafasi ya DEA. Shida ni kwamba ruhusa ya kufungua masta si sawa na kuwa na laboratwari.

Wa pili ni wa jirani. Kongo iko ndani ya Jumuia ya Afrika Mashariki tangu 2022, na jirani wamekwisha kufanya kazi ambayo Goma inaihitaji. Kampala iko na mfano unaofanana sana na wa Goma: mfereji wa Nakivubo unakusanya maji machafu ya mji na kuyapeleka kwenye ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria, na katika ghuba hiyo hiyo, kule Ggaba, ndimo mji ulikuwa unachota maji ya kunywa. Kati ya mfereji na ghuba kuna bwawa la matete. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega wa Makerere walitoa kitabu cha doktora kilichoonyesha namna matete yale yanavyochuja azoti na fosfori bila kulipwa. Tangu wakati huo watu wamelima na kujenga ndani ya bwawa, na Kampala imelazimika kwenda kuchota maji mbali zaidi, Katosi. Mtu akitaka kujua thamani ya utafiti, aangalie hapo: hesabu ilikuwako kabla ya hasara.

Kenya iko na Egerton, kule Njoro, ambako mto Njoro unapita karibu na iniversite ukienda Ziwa Nakuru. Vizazi vya wanafunzi vimeupima. Egerton inashirikiana na iniversite ya BOKU ya Vienna na taasisi ya IHE Delft ya Uholanzi katika masta ya limnolojia, ndiyo elimu ya maji baridi, na mabwawa. Mwanafunzi anasoma sehemu Ulaya, sehemu Afrika. Austria ilianza kufundisha watu wa nchi za kusini somo hilo mwaka 1975. Iniversite ya Eldoret nayo iko na watafiti wa mito wenye jina, hasa juu ya mto Mara, ambako mavi ya viboko yamepimwa paka yakatoka katika jarida kubwa la dunia mwaka 2018: viboko wanajaza mbolea nyingi majini hata samaki wanakosa hewa na kufa. Viboko wa Mara wamepata watafiti wao. Birere bado.

Wa tatu ni wa Umoja wa Afrika. Iniversite ya Afrika Nzima iko na tawi la maji na nishati Tlemcen, Algeria, PAUWES, ambako vijana toka nchi zote za Afrika wanasoma masta kwa bursi. Watu wa Kivu hawauongelei sana.

Wa nne ni Ubelgiji, na hapo mtu wa Kongo iko na faida. ARES, ya upande wa Wabelgiji wanaosema Kifaransa, inatoa bursi za masta kwa Kifaransa. VLIR-UOS, ya upande wa Waflamandi, inatoa zake kwa masomo ya Kiingereza, na imeshirikiana miaka mingi na Iniversite Katolika ya Bukavu. Kongo imekuwa kati ya nchi ambazo watu wake wanaruhusiwa kuomba pande zote mbili. Masharti yanabadilika kila mwaka, kwa hiyo ni lazima kusoma tangazo la mwaka wenyewe, siyo picha iliyozunguka WhatsApp toka mwaka juzi. Na jambo moja linafaa kurudiwa, sababu watu wanaliwa pesa kila mwaka: bursi za namna hii haziombi mtu atume pesa ya dosie kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Kinachowaangusha vijana

Si akili. Mara nyingi ni barua. Wengi wanaandika «naomba bursi» kwa profesa ambaye hawajasoma hata makala yake moja. Profesa wa mito anapokea barua nyingi za namna hiyo, na anazifuta. Anayejibiwa ni yule anayeandika mistari kumi: nilisoma makala yenu juu ya jambo fulani, mji wetu hauna mto bali iko na lava, ninataka kujua azoti ya vyoo inafika ziwani kwa njia gani, nimekwisha kupima hivi na hivi. Goma iko na kitu ambacho Vienna na Baltimore hazina. Mji wa watu zaidi ya milioni moja juu ya lava mbichi, kando ya ziwa yenye gazi: swali hilo peke yake linafungua macho ya mtafiti yeyote.

Kisha kuna Kiingereza. Isipokuwa kwa ARES, karibu milango yote iliyotajwa inakihitaji, na mwanafunzi wa Kivu anafika lisansi akiwa ameandika kila kitu kwa Kifaransa. Mtu anayeanza kujifunza mwezi mmoja mbele ya mtihani amechelewa. Wale waliofaulu walianza wakiwa bado kwenye mwaka wa pili.

Makaratasi nayo. Tangu M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, kupata karatasi za serikali ya Kinshasa, kuzitia muhuri, kulipa kwa banki, kupanda ndege, kila kimoja kimekuwa safari. Uwanja wa ndege ulifungwa, banki zilifunga milango. Mwanafunzi wa Birere anaona Gisenyi toka mlangoni pake, anaweza kuvuka Petite Barrière kwa miguu, lakini karatasi moja ya Kinshasa inaweza kumchukua wiki nyingi. Iniversite nyingi za nje zinakubali dosie isiyotimia ikiwa mtu ameeleza sababu mapema. Wengi hawaelezi. Wanaona haya, wanaacha.

Wasichana wanakutana na mengine zaidi: kupima maji usiku wakati mvua inanyesha, katika mtaa ambao hata wanaume wanaogopa saa hizo. Jambo hilo halimo katika fomu yoyote ya bursi.

Laboratwari ndiyo kizuizi kikubwa. Kupima fosfori kunaomba mashine na dawa za kemia. Maji ya kupima azoti inapaswa kuchujwa na kuwekwa kwenye baridi siku ile ile, na Goma umeme unakatika. Kwa sababu hiyo chupa nyingi za Kivu zimesafiri kwenda kupimwa Ulaya. Si dhambi. Lakini mwanafunzi anapokubali mpango kama huo, aulize mapema: namba zitabaki wapi, jina lake litakuwa wapi juu ya makala, na nani wa Goma ataambiwa matokeo. Kuna tofauti kati ya kuwa mtafiti na kuwa mbeba chupa.

Kazi inayoweza kuanza bila bursi

Katika mji wa Baltimore, Marekani, watafiti walianza mwaka 1998 kuchota maji ya vijito vya mji kila wiki, wiki baada ya wiki, miaka na miaka. Waligundua, kati ya mengine, kwamba kijito kinapochimbika kwa nguvu ya maji ya mji, ukingo wake unakauka na hausafishi tena azoti kama zamani. Kilichowafikisha hapo si mashine kubwa kwanza. Ni kurudi mahali pale pale kila wiki.

Hiyo Goma inaweza. Mwanafunzi akiwa na ndoo yenye alama za litre na saa ya simu, anaweza kupima kanivo inatoa maji kiasi gani. Akiwa na kopo la kupimia mvua, anaweza kujua mvua ya milimita ngapi inageuza barabara ya Birere kuwa mto. Kuna chombo kidogo kama kalamu kinachopima namna maji inavyopitisha umeme, ni kusema chumvi iliyoyeyuka ndani. Maji ya juu ya Ziwa Kivu inatoa karibu 1.200, maji ya mvua inayoanguka haifiki hata mia. Kile kinachotoka kwenye kanivo kiko kati ya hizo mbili, na namna kinavyobadilika toka dakika ya kwanza ya mvua paka ya mwisho ni habari kamili ya mtaa: dakika za kwanza ndizo zinaleta uchafu uliolala barabarani, kisha maji inaanza kuwa nyepesi. Ikibaki nzito mvua yote, basi kuna kitu kingine kinachovuja, na ni wapi pa kwenda kutafuta vyoo.

Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira, ambako mito iko, kuna njia nyingine ya bei ndogo. Watu wa Afrika Kusini walitunga njia inayoitwa miniSASS: chandarua, sahani nyeupe, na picha za makundi 13 ya wadudu na wanyama wadogo wa majini. Wale wanaovumilia uchafu wanapata alama ndogo, wale wanaohitaji maji safi alama kubwa. Mtu anahesabu, anapata afya ya mto. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya, na mwalimu wa biolojia hahitaji ruhusa ya Kinshasa.

Kazi za mwisho wa masomo zinazozungumzia takataka za Goma hazikosekani. Nyingi zinagawa maswali kwa wakaaji mia moja, zinahesabu asilimia ya wanaosema «serikali haifanyi kitu», na zinaingia kwenye rafu. Mkaaji wa Birere hahitaji mwanafunzi wa kumuuliza kama takataka zinamsumbua. Anahitaji yule atakayemwambia choo chake kinatokea wapi. Kurasa ishirini zenye namba za mvua kumi na mbili, zilizopimwa sawasawa, mahali pamoja, zinaweza kufungua mlango wa Egerton ao wa Liège kuliko kurasa themanini za maoni.

Mvua za mwezi wa tisa zitateremka Birere kama kila mwaka. Kwa kuzipima inahitajika chupa kadhaa zilizooshwa vizuri, ndoo, daftari lililofungwa ndani ya plastiki, jirani anayekubali friji yake itumike siku umeme iko, na mtu wa kuamka ikianza kunyesha saa tisa za usiku.